Mtoto Mwenye Manjano: Usiishie Kwenye Macho

Kila tunapokaribia tarehe 28 Julai, Siku ya Homa ya Ini Duniani, maswali kutoka vituo vya afya huongezeka. Safari hii limezidi moja: mtoto ana macho ya njano, malaria haionekani, tumpe dawa gani? Kabla ya dawa, jiulize kama ini lake bado linafanya kazi.

Wanafunzi wanaipenda mno ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu. Kipimo hicho kinaonyesha seli zinaharibika, hakisemi ini limebaki na uwezo kiasi gani. ALT ikishuka huku bilirubini (rangi inayoleta manjano) inapanda na damu inachelewa kuganda, usimpongeze mama. Huenda seli za kuharibika ndizo zimekwisha. Pima sukari ya kidoleni palepale. Pima INR, kipimo cha kuganda kwa damu: ikipanda, damu inachelewa kuganda. Kisha msikilize mzazi: mtoto anayelala mchana na kukesha usiku, au amekuwa mkali habembelezeki, ubongo wake umeanza kuguswa. INR ya 1.5 pamoja na dalili hizo, au 2 hata bila dalili, ikiwa haikurekebishwa na sindano ya vitamini K, ni ini kushindwa. Piga simu hospitali ya rufaa leo, na asafiri na dripu ya glukosi.

Homa ya ini A ndiyo ya kawaida, na wengi wa walio chini ya miaka 6 hawapati hata manjano. Kwa B, angalia kadi ya chanjo kwa macho yako. "Amechanjwa zote" si jibu.

Dawa za nyumbani ndipo tunapoteleza. Mwambie mama azitoe zote mezani, na za mitishamba pia, bila kumgombeza, maana ukigomba atazificha. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anayepewa nusu ya kidonge cha 500 kila baada ya saa 4 anafikisha miligramu 1,500 kwa siku, kabla hujahesabu dawa ya mafua yenye parasetamoli ileile.

Na tafadhali, homa ya ini si homa ya manjano. Hata hivyo, homa ya ghafla ikifuatiwa na manjano ndani ya siku 14 ni mshukiwa wa homa ya manjano: taarifa imfikie mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya ndani ya saa 24, kupitia mganga mfawidhi, bila kusubiri majibu ya maabara. Seramu, yaani majimaji ya damu ya sampuli, ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Tarehe ya dalili kuanza na tarehe ya kuchukua sampuli ni vitu viwili, jaza zote. Kwa Tanzania, kutoa taarifa ni takwa la Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, si hisani ya kituo.

Watoto wawili watatu wenye manjano wa mtaa mmoja nao waripotiwe, hata kama homa ya ini A hadi E haikuonekana. Aprili 2022 Uskoti ilitoa taarifa ikiwa na watoto 10 tu wenye homa ya ini isiyojulikana chanzo. Kufikia Julai nchi 35 zilikuwa zimeripoti zaidi ya 1,000.