Springi za gari kongwe: anza na unene wa chuma, urefu baadaye

Watu wengi hununua springi kwa kuzisimamisha mbili juu ya kaunta, ya zamani na ya dukani, na zikilingana urefu wanalipa. Urefu wa springi isiyobeba kitu, peke yake, haukwambii gari itasimama wapi. Lazima ujue na ugumu wake, na ugumu hutokana na vitu vitatu: unene wa chuma, upana wa duara, na idadi ya mizunguko inayocheza (isiyolalia vitako, yaani sahani zinazoishika springi juu na chini). Unene ndio wenye nguvu kuliko vyote, kwani athari yake huenda kwa kipeo cha nne.

Chukua springi ya chuma cha milimita 12, duara la milimita 130 na mizunguko mitano inayocheza. Mzigo wa kilo 100 utaishusha milimita 53 hivi. Sasa chukua nyengine, kila kitu sawa ila chuma ni milimita 13: kilo zile zile 100 zitaishusha 38 tu. Kona ya mbele ikibeba kilo 300, tafauti yake ni sentimita nne na ushei, na dukani zilikuwa sawasawa. Ndipo gari inapotoka gereji imeinua pua kama jahazi lililopakiwa tezi peke yake.

Kwa wanaopenda hesabu: ugumu, kwa niutoni kwa kila milimita, ni 79,000 × d⁴ ÷ (8 × D³ × n). Hapo d ni unene wa chuma, D ni upana wa duara kutoka katikati ya chuma hadi katikati ya chuma cha upande wa pili (upana wa nje ukitoa unene mmoja), na n ni mizunguko inayocheza. Mizunguko hiyo huipati kwa kuhesabu yote. Toa ile iliyolalia vitako vya juu na chini, ambayo kwa kawaida ni mmoja na nusu hadi miwili kwa jumla.

Pima unene kwa venia (kipimo cha kubana cha milimita), tena juu ya chuma kitupu. Kwangua rangi na kutu kwanza. Ukikosea nusu milimita katika chuma cha 12, hesabu ya ugumu inapotoka kwa asilimia 18 hivi, na rangi iliyopakwa mara mbili juu ya kutu inafika nusu milimita bila taabu. Huna venia? Simamisha springi sakafuni, pitisha bomba ndani yake ili isipinduke, weka ubao juu uliotobolewa katikati, kisha mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Pima imeshuka kiasi gani. Fanya hivyo hivyo kwa ya pili, ulinganishe.

Namba ya chesisi inasaidia, ila isomwe yote. "Corolla mia" haitoshi kabisa. AE100 ni ya petroli ya 1500, CE100 ni ya dizeli yenye injini ya 2C, nzito zaidi mbele, na AE104 inavuta magurudumu yote manne. Kwa sura ni gari moja, springi mbali mbali. Herufi zinazofuata namba hiyo kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti nazo zina maana: aina ya bodi, giaboksi, daraja la gari. Namba za spea za Toyota huanza na 48131 kwa springi za mbele na 48231 kwa za nyuma, kwa hiyo ukitumiwa picha ya kibandiko chenye 48231 na wewe unataka za mbele, usitume pesa. Kwa aliyeko Wete au Chake, Pemba, anayeagiza kutoka Mjini Unguja au Kariakoo ya Dar, springi isiyo yake ina nauli ya boti kuja na nauli ya boti kurudi. Alama za rangi kwenye chuma ni msaada pia zikiwa bado zinaonekana. Mara nyingi hapa kwetu chumvi imeshazila.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha springi ndiyo yenye kosa. Jaza upepo sawa, toa mizigo, egesha juu ya sakafu iliyo sawa, isukume gari mbele hatua chache magurudumu yajilaze, halafu pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matao ya bodi. Usipime kutoka ardhini, tairi zitakudanganya. Tafauti ya kulia na kushoto ya milimita 10 mimi naiacha. Ikipita 15 natafuta chanzo chake. Ikiwa gari imelala upande, inua mbele kwa jeki moja iliyokaa katikati kabisa ya kiunzi. Nyuma ikikaa sawa, kosa liko mbele. Ikibaki imelala, angalia nyuma. Kubadilisha shokapu hakutainua gari iliyolala, kwani uzito wake umebebwa na springi.

Springi ikivunjika, mara nyingi huvunjikia mzunguko wa chini, kwenye kitako kinachokusanya mchanga na maji ya chumvi. Mchanga unakwangua rangi, kutu inachimba vishimo, na kwa kuwa chuma hichi kinafanya kazi kwa kujisokota, nguvu kubwa kuliko zote iko juu ya ngozi yake. Ufa huanzia kwenye kishimo. Kuichomelea springi ni kuipikia kuvunjika tena, kwani moto unaharibu uimara wa chuma aliouweka mtengenezaji. Kukata mzunguko ili gari ishuke nako kunaifanya iwe ngumu zaidi: toa mmoja kati ya sita inayocheza, ugumu unapanda kwa asilimia 20.

Kuzifunga, daima ni jozi. Ikiwa shokapu liko ndani ya springi, nati ya katikati ya juu haiguswi mpaka springi ibanwe kwa vibanio viwili vilivyokabiliana, kimoja huku kimoja kule, ukikaza zamu kwa zamu. Anayeifungua kabla ya kubana, springi inamrushia kifuniko usoni. Mwisho wa chuma cha chini ukae kwenye ngazi yake ya kitako. Mwisho huo ukipanda juu ya ngazi, kona hiyo inainuka na springi inalia kila unapokata usukani. Sahani ya juu ikiandikwa OUT, neno hilo lielekee nje ya gari. Raba za vitako zilizoliwa zibadilishwe hapo hapo.

Boliti za bushi (raba za mikono inayoshika magurudumu) zikazwe mwisho magurudumu yakiwa chini na gari imebeba uzito wake. Ukizikaza ikiwa inaning'inia kwenye jeki, raba inabaki imesokotwa siku zote, inachanika mapema, na gari inasimama juu kuliko inavyotakiwa. Kimo kikishabadilika, pembe za magurudumu zimebadilika nazo. Endesha siku chache springi zilale, pima tena, ndipo uende alaimenti.