Namba tasa ya Mersenne: mfano wa 2,147,483,647

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. 7 ni tasa; 9 si tasa, kwa sababu inagawanyika kwa 3. Je, 2,147,483,647? Njia ya kawaida ni kuigawa kwa kila namba tasa mpaka kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 46,340. Hapo una namba tasa zaidi ya 4,700 za kujaribu. Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kwamba ni tasa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1772, enzi ambayo hesabu zote zilifanywa kwa mkono. Kilichomwokoa ni umbo la namba yenyewe.

Namba hiyo ni 2³¹ − 1. Namba tasa za umbo hili huitwa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Ili 2ᵖ − 1 iwe tasa, sharti p nayo iwe tasa. Wengi huishia hapo wakadhani inatosha. Haitoshi: 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89.

Vitazame vizuri vigawo hivyo viwili. 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1. Kila kimoja kimezidi kigawe cha 22 kwa 1, na 22 ni 11 mara mbili. Hiyo si bahati nasibu. Ikiwa p ni namba tasa ya witiri, kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 ni kigawe cha 2p ukijumlisha 1. Kwangu mimi, uzuri wote wa namba hizi uko hapo.

Basi kwa 31 tunapekua 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea, tukiruka 62 kila mara. Nne za kwanza si tasa, kwa hiyo kazi inaanzia 311. 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612. Inabaki 35, kwa hiyo 311 si kigawo. Inayofuata ni 373, ila hii haihitaji hata kugawanya. Kuna sharti la pili: kigawo tasa kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7, na 373 inabakiza 5. Kwa masharti hayo mawili, zile namba 4,700 na ushee zinapungua hadi chini ya mia. Hakuna hata moja inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki.

Ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba timilifu: vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, ukivijumlisha, vinarudi kuwa namba ileile.

Kwenye mfumo wa jozi, wenye tarakimu 0 na 1 tu, 2³¹ − 1 inaandikwa kwa 1 thelathini na moja mfululizo. Ndiyo maana ni namba kubwa kuliko zote zinazoenea kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za tarakimu hizo, ikiwa biti moja imetengwa kwa alama ya hasi au chanya. Kompyuta zinazohesabu sekunde kwa namna hiyo tangu 1 Januari 1970 zitaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC, na sekunde inayofuata hesabu itageuka kuwa hasi.