Je, wajua kwa nini makochi na televisheni hulipiwa bima ghali kuliko nyumba yenyewe?

Chukua nyumba ya vyumba vitatu kule Ruaka, pembezoni mwa Nairobi: kuta za mawe, paa la vigae, geti la chuma. Kuijenga upya kungekula shilingi milioni 8. Ndani mna vyombo vya milioni 1.5, yaani makochi, friji, jiko, televisheni, vitanda na nguo. Halafu kuna kipakatalishi, simu na kamera, vyote pamoja shilingi 250,000, ambavyo mwenyewe hutoka navyo kila asubuhi.

Akienda kukata bima, hesabu yake itakaribia hivi. Jengo linatozwa asilimia 0.15 ya thamani yake, shilingi 12,000 kwa mwaka. Vyombo vya ndani asilimia 1, shilingi 15,000. Vitu vya kubeba, tuseme asilimia 3, shilingi 7,500. Viwango hivi nimevitoa kwa mfano na kila kampuni ina vyake, ila mpangilio wenyewe utaukuta karibu kila utakakoulizia: ukuta ni rahisi, kochi ni ghali, simu ni ghali zaidi. Kwa mfano huu, kila shilingi elfu moja ya ukuta inalipiwa shilingi 1.50, elfu ya kochi shilingi 10, na elfu ya simu shilingi 30.

Anayekadiria ada hujiuliza mambo mawili: hasara hutokea mara ngapi, na ikitokea inafika wapi? Nyumba ya mawe haiungui kirahisi, na hata jiko likishika moto, mara nyingi kinachoharibika ni chumba kimoja au viwili. Mwizi naye hawezi kuondoka na ukuta. Televisheni huibwa, huanguka, huungua umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Simu ndiyo usiseme: inaporwa kwenye matatu, inasahaulika mezani hotelini, inatumbukia kwenye ndoo ya maji. Tena dai dogo lina gharama zake. Mkadiriaji wa hasara lazima atumwe, ripoti iandikwe, faili lifunguliwe, na kazi hiyo haipungui sana kwa sababu kilichopotea ni kitu cha shilingi elfu arobaini.

Kupanga bei kwa kuangalia kuta ni jambo la zamani. Mwaka 1666 moto uliteketeza zaidi ya nyumba 13,000 jijini London. Mwanzoni mwa miaka ya 1680 Nicholas Barbon, daktari aliyegeukia biashara ya ujenzi, akafungua ofisi ya kukatia nyumba bima ya moto. Nyumba ya matofali ilitozwa asilimia 2.5 ya kodi yake ya mwaka, ya mbao asilimia 5. Pwani yetu hesabu hiyo ungali ukiikuta kwenye makuti. Nyumba ya Diani au Watamu yenye paa la makuti hutozwa zaidi kuliko jirani yake wa vigae, na zipo kampuni zisizotaka kuigusa kabisa. Makuti yanapendeza na yanaleta ubaridi, lakini cheche moja wakati wa kaskazi inatosha kulimaliza paa zima kabla gari la zimamoto halijafika.

Wengi huharibikiwa mahali pengine kabisa, kwenye kutaja thamani. Fomu inauliza nyumba ina thamani gani, na mwenye nyumba anaandika bei aliyonunulia, au bei ambayo dalali alimwambia angeuza. Bei hiyo ina ardhi ndani yake, na ardhi haiungui. Mtu wa Kilimani mwenye nyumba kuukuu juu ya kiwanja cha mamilioni mengi akiandika bei ya soko, atalipa ada kila mwaka kwa udongo ambao hakuna moto utakaoufanya chochote. Kinachotakiwa ni gharama ya kulijenga upya jengo lile lile leo: mawe, saruji, nondo, mbao za paa, mafundi, mchoraji ramani, pamoja na gharama ya kuondoa vifusi.

Kosa la upande wa pili ndilo linalouma. Mtu anaona ada ni kubwa, anaamua kutaja nusu. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 10 anaiandika milioni 5, ada inashuka nusu, anafurahi. Mwaka wa tatu moto unatokea jikoni, unaharibu makabati, dari, nyaya na sehemu ya paa. Hasara: milioni 2. Yeye anaona hana wasiwasi, kwani milioni 2 iko chini sana ya milioni 5. Kampuni inamlipa milioni 1. Hati nyingi za bima zina kifungu kinachosema kwamba ukikatia bima nusu ya mali, nusu iliyobaki umejikatia mwenyewe, kwa hiyo kila hasara mnagawana, hata iwe ndogo. Hakuna aliyedanganywa hapo, kifungu kipo kwenye karatasi. Ila nina hakika wasomaji wake ni wachache, na mawakala wanaokitaja kabla ya kupokea pesa ni wachache zaidi.

Mtego huo hujitega hata kwa aliyesema kweli. Thamani iliyoandikwa miaka sita iliyopita ilifuata bei ya saruji na mabati ya miaka sita iliyopita. Usipoibadilisha unapohuisha bima, unaelea taratibu kuelekea kwenye nusu ile.

Kwa vyombo vya ndani kuna kifungu kingine cha kutazamwa. Kwa kawaida kitu kimoja hakihesabiwi kuwa na thamani zaidi ya asilimia 5 ya jumla, mpaka kitajwe peke yake. Kwa nyumba yetu ya Ruaka, asilimia 5 ya milioni 1.5 ni shilingi 75,000. Televisheni ya 140,000 isiyoorodheshwa, ikiibwa, italipwa kama ya 75,000. Dhahabu ya bi harusi ndiyo hupotelea hapa mara nyingi. Iorodheshe kwa jina na bei, pamoja na risiti au cheti cha sonara.

Ada hupungua vipi? Njia inayofanya kazi kweli ni kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya kila hasara. Hati nyingi zinamwachia mteja sehemu fulani, mara nyingi asilimia 10 ya dai, na anayekubali zaidi ya hapo anaweza kupunguziwa ada. Vyuma vya madirisha, king'ora na askari wa usiku husaidia kiasi. Miaka kadhaa bila kudai nayo husaidia, lakini kwa kampuni iliyo na utaratibu huo.

Juu ya ada kuna makato ya serikali, na hapa Kenya na Tanzania zinaachana mbali. Kenya inaongeza asilimia 0.2 ya ada kwa ajili ya mafunzo ya bima, asilimia 0.25 kwa mfuko wa kuwafidia wateja kampuni ya bima inapoanguka, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Kwa nyumba ya Ruaka, ada ya 34,500 inakuwa 34,695 na senti kidogo. Tanzania Bara inatoza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye bima ya namna hii, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa kiwango hicho, ada ya shilingi 300,000 ya Tanzania mwisho wake ni 354,000. Pande zote mbili, bima haianzi kufanya kazi mpaka ada ilipwe. Kuahidiwa na wakala kwamba "usijali, utalipa mwisho wa mwezi" si bima.

Na ada hiyo hainunui kila kitu. Moto, radi, tetemeko la ardhi, dhoruba na bomba kupasuka kwa kawaida vimo. Mafuriko ni ya kuulizia, hasa ukiwa umejenga karibu na mto au bondeni. Ghasia za kisiasa kwa Kenya hununuliwa kando, jambo ambalo wafanyabiashara wengi walikuja kulijua wakiwa tayari wamesimama kwenye majivu baada ya uchaguzi wa 2007. Wizi nao una masharti: kampuni hutaka kuona kitasa kilichovunjwa au dirisha lililokatwa. Mlango ukiachwa wazi, au mtu wa ndani akibeba vitu polepole, dai linaweza kukataliwa.

Mpangaji asidhani bima ya mwenye nyumba inamhusu. Ile inaishia kwenye kuta na paa. Anaweza kukata ya vyombo peke yake, na kwa vyombo vya shilingi 800,000 kwa kiwango kile kile cha asilimia 1, ni shilingi 8,000 kwa mwaka.

Limebaki suala la nyumba zinazofungwa. Hati nyingi husitisha kinga ya wizi nyumba ikikaa bila mtu kwa muda fulani, mara nyingi siku 30 mfululizo. Wanaokwenda mashambani Desemba wakarudi Januari wakati shule zinafunguliwa huukaribia mpaka huo bila kujua. Aliye Doha au Muscat na nyumba yake Kitengela imefungwa mwaka mzima aliupita zamani, ingawa ada anaituma kila mwaka kwa simu. Huyo amwambie wakala kwa maandishi kabla ya kulipa. Kampuni nyingine zitaongeza ada, nyingine zitataka mlinzi wa kulala hapo, na nyingine zitaondoa kinga ya wizi na kubakisha ya moto, na hapo ada ya vyombo inapaswa kushuka.