Panya, sumu ya nyoka na maumivu: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Dawa ya kuumwa na nyoka, ile mtu anachomwa hospitali akigongwa na kifutu au koboko, haitoki kiwandani mpaka ipimwe nguvu, na mpaka leo kipimo kikuu ni panya. Kwanza kuna panya wanaochomwa sumu tupu ili ijulikane dozi gani inaua nusu yao, alafu wengine wanachomwa sumu iliyochanganywa na dawa, baada ya hapo mnahesabu waliokufa na waliobaki. Sumu hiyo hiyo inayomvimbisha mtu mguu na kuozesha nyama. Dawa tunaihitaji, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wengi ni wakulima na watoto wa vijijini kama kwetu. Lakini kwenye hili la maumivu ya panya kuna mambo yanarudiwa sana maabara na sio kweli.

La kwanza na ndo linaniuma zaidi: eti ukimpa panya dawa ya maumivu umeharibu data. Mtu anasema hivo kwa kujiamini kabisa na hajawahi kupima. Costa Rica kuna taasisi inaitwa Instituto Clodomiro Picado, hao wanatengeneza dawa za sumu ya nyoka miaka mingi, hata za nyoka wa Afrika akiwemo kifutu wetu. Mwaka 2015 walitoa utafiti wao kuhusu sumu ya Bothrops asper, nyoka wa kwao kule, waliwapa panya tramadol, dawa ya maumivu, kabla ya kuwachoma sumu, na kipimo hakikuyumba, dawa ya nyoka iliizuia sumu vile vile. Sasa kama imepimwa na ikaonekana hivo, kwa nini panya wa kwako aumie bure? Mwongozo wa WHO wenyewe unahimiza dawa ya maumivu itumike kwenye vipimo hivi. Tena fikiria upande wa pili, mnyama mwenye maumivu hali, halali vizuri, homoni za msongo zinapanda, kwaiyo maumivu yenyewe ndo yanachafua data. Ukweli ni kwamba kila sumu na kila dawa inabidi iangaliwe kivyake, ila kuangalia ni kazi yako, usianze na jibu.

Kingine, "panya akiumia si utamsikia analia". Hapana. Panya ni mnyama wa kuwindwa, akionyesha udhaifu analiwa, kwaiyo anaficha. Maumivu yake unayasoma usoni, na watafiti wa chuo cha McGill, Canada, mwaka 2010 walitoa kipimo cha uso wa panya: macho yanafinywa, pua inatuna juu, mashavu yanavimba, masikio yanarudi nyuma na kuachana, sharubu zinakaa tofauti na kawaida. Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2. Kaa mbele ya kizimba dakika kadhaa umtazame yule aliyejikunja pembeni, utaona hata ambaye jana ulimwandika mzima.

Wengi wanadhani mbadala wa vipimo vya wanyama maana yake hakuna mnyama kabisa, basi wakikosa njia isiyo na mnyama wanafunga mjadala. Watafiti Russell na Burch wa Uingereza walishaweka sawa hili tangu 1959: kuna kubadilisha kabisa, kuna kupunguza idadi, na kuna kupunguza mateso ya wale waliobaki. Tramadol ni mbadala. Kumuua bila maumivu panya aliyezidiwa badala ya kusubiri afe mwenyewe ni mbadala.

Na wale wa upande mwingine wanaosema kompyuta na seli zinatosha, acheni panya wote leo, natamani iwe kweli ila bado. Sumu inayogandisha damu unaweza kuipima kwenye tyubu na plazma, yaani maji ya damu, utafiti ule ule wa Costa Rica uliangalia hilo. Sumu ya swila inayolegeza misuli, Thailand wameipima kwa vipokezi, yaani sehemu ambazo sumu hiyo inashika, vilivyotolewa kwenye samaki wa umeme. Lakini sumu ya koboko ina vitu vingi vinavyogonga mishipa ya fahamu sehemu tofauti tofauti, tyubu moja haitoshi.

Mwisho ni hili la kuona kutafuta mbadala ni kujaza tu fomu ya kamati ya maadili. Marekani sheria yao tangu 1985 inamtaka mtafiti aangalie mbadala wa kila utaratibu unaouma, na watu wanachofanya ni kuandika neno "mbadala" kwenye intaneti, kukosa kitu, na kuandika "hakuna". Haitafutwi hivo. Utafiti wa Costa Rica usingeupata kwa neno hilo peke yake, unaupata ukiandika jina la sumu, jina la kipimo, majina ya dawa za maumivu, alafu unarudia kwa jina la kila hatua inayouma, sindano peke yake, kumshika peke yake, kumuua peke yake. Na daktari wa mifugo unamfuata kabla hujaandika protokoli, yaani mpango wa utafiti, wakati bado kuna cha kubadilisha, sio siku ya kusaini.