Kushusha gitaa hadi C: uzi mnene au shingo ndefu?

Kijana mmoja aliniletea gitaa lake la umeme karakana. "Fundi, hili linalewa," akasema. Akabana kityuna, kile kipimo cha noti, kwenye kichwa cha gitaa, akaupiga uzi wa sita, ule mnene kuliko wote. Mshale ukaruka juu ya noti ya C, ukakaa huko kidogo, halafu ukateremka polepole hadi mahali pake. Alipoupiga kwa nguvu zaidi ukaanza kugonga freti, vile vyuma vya kukata shingo, tra-tra-tra. Gitaa halikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa ameshusha nyuzi zote nusu toni nne (nusu toni ni hatua ya freti moja), kutoka E hadi C, na bado amefunga seti ileile ya 10 hadi 46, namba za unene wa uzi mwembamba na mnene kwa sehemu za elfu za inchi.

Mkazo wa uzi hufuata mraba wa kasi ya mtetemo wake. Kwenye gitaa ambalo uzi wake una inchi 25.5 kutoka nati, kile kizuizi cha kichwani, hadi briji, kishikio cha nyuzi kwenye mwili, uzi wa 46, yaani wenye unene wa inchi 0.046, hubeba karibu kilo 7.9 ukiwa E. Ukiushusha hadi C zinabaki kilo 5 tu. Uzi uliolegea kiasi hicho, kila unapoucharaza unajinyoosha, na kule kujinyoosha ndiko kunakoipandisha sauti kwa muda. Ndio ule ulevi wa gitaa la kijana.

Ukitaka mkazo ule wa zamani, chukua unene wa uzi wako uuzidishe kwa uwiano wa mitetemo. E ya uzi wa sita ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 82.4, na C iliyo chini yake ni 65.4. Kwa hiyo 46 mara 82.4, gawanya kwa 65.4: unapata 58. Seti iliyozoeleka madukani ni ya 12 hadi 56, na 56 inakupa kilo 7.5 hivi. Mimi hapo huwa nimeridhika.

Lakini uzi mnene una kiburi chake. Kadiri unavyonenepa ndivyo unavyokuwa mgumu kama fito, na mitetemo yake ya juu hupanda kuliko inavyotakiwa. Ukiweka distoshoni, ile sauti ya kukwaruza, kodi (noti zinazopigwa pamoja) inageuka uji. Freti ya 12 nayo inakataa kukubaliana na uzi usiobanwa: unarudisha kitandiko cha briji, pale uzi unapoegemea, nyuma, nyuma tena, mpaka skrubu inaisha. Uzi wa tatu ndio msumbufu kuliko wote. Ukiwa wa waya mmoja usiozungushiwa kitu, na mnene, wa 24 kwa mfano, hautulii hata kidogo. Mimi hufunga uliozungushiwa waya, ingawa wapiga solo hulalamika kwamba haupindiki vizuri.

Dawa ya pili ni urefu wa uzi, kutoka nati hadi briji. Mkazo hufuata mraba wa urefu pia. Gitaa la inchi 27 lina mkazo unaozidi wa lile la 25.5 kwa asilimia 12 kwa uzi uleule na noti ileile. Kuna njia rahisi ya kulishika hili bila kikokotoo: weka kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza ya gitaa la inchi 27, kisha pima kutoka hapo hadi briji. Utapata inchi 25.5. Yaani gitaa hilo ni la kawaida tu, ila limeongezewa freti moja upande wa kichwa. Seti ya 10 hadi 46 ukiishusha nusu toni moja kwenye inchi 27, mkono hautajua tofauti. Kwa upande mwingine, magitaa ya inchi 24.75, kama Gibson nyingi, hupoteza asilimia 6 kabla hujagusa hata kitasa kimoja cha kukazia nyuzi.

Wanaopiga drop C, yaani kushusha uzi wa sita zaidi ya wengine, wasinunue seti nene nzima. Uzi wa sita umeshuka nusu toni nne, wengine mbili tu. Nunua uzi wa 56 peke yake, hao wengine wape seti inayoanzia 11.

Na wanaoamini kwamba muziki mzito unataka nyuzi nzito, huwa nawakumbusha Tony Iommi wa Black Sabbath. Mwaka 1965, kiwandani Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao ndio wa kubana nyuzi kwa kuwa anapiga kwa shoto. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akafunga nyuzi nyembamba, na kufikia 1971 alikuwa ameshusha gitaa nusu toni tatu. Kulegea ndiko alikokutafuta, ili vidole visiumie.

Kijana wangu lakini alitaka kuchapa kwa nguvu, kwa hiyo nilimfungia 12 hadi 56. Nilitanua mifereji ya nati kwa vile visindano vya kusafishia pua ya tochi ya gesi, vinavyouzwa kwa mafundi wa kuchomelea, nikakaza kidogo chuma cha ndani ya shingo. Mshale ukapanda kidogo tu, ukatulia.

Baada ya wiki mbili alirudi: bendi imeamua kushuka hadi A. Nikapiga hesabu mbele yake. Kwa inchi 25.5, A inadai uzi wa 69. Kwa inchi 28 inatosha 63.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "sasa tafuta shingo nyingine."

Akauliza kama hiyo 69 haiwezi kupita kwenye tundu la kitasa. Tukaijaribu. Haikupita.