Maana ya kuongeza muda wa mkataba wa fleti England na Wales

Mtu anayenunua fleti London au Cardiff, mara nyingi hanunui jengo wala kiwanja. Anachonunua ni haki ya kuimiliki fleti hiyo kwa idadi maalumu ya miaka, tuseme 99 au 125, iliyoandikwa katika mkataba wa upangaji wa muda mrefu, yaani lizi. Miaka hiyo ikiisha, fleti humrudia mwenye ardhi. Kwa Mtanzania aliyezoea hati ya miaka 33, 66 au 99 jambo hili si geni, ila kwake ardhi ni mali ya umma chini ya Rais, ilhali kule mwenye ardhi huwa ni mtu binafsi au kampuni inayotafuta faida.

Kuongeza muda ni kumlipa mwenye ardhi ili miaka izidi kabla haijapungua mno. Sheria ya mwaka 1993 inampa mwenye fleti, ikiwa mkataba wake wa awali ulizidi miaka 21, haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, mwenye ardhi apende asipende. Aliyebakiwa na miaka 72 atakuwa na 162. Kodi ya ardhi, yaani ile anayolipwa mwenye ardhi, nayo hushuka hadi punje moja ya pilipili manga, msemo wa wanasheria wenye maana kwamba hakuna kinacholipwa.

Jambo linalowaumiza watu wengi, na ambalo laiti kila mnunuzi angelielezwa kabla ya kutia saini, ni mpaka wa miaka 80. Miaka iliyobaki ikiwa zaidi ya 80, mwenye fleti hufidia tu kile anachopoteza mwenye ardhi, yaani kodi ya miaka ijayo na kucheleweshewa kurudishiwa fleti. Ikifika 80 au ikishuka chini yake, huongezeka nusu ya kinachoitwa thamani ya muungano, ambayo ni faida inayopatikana kwa sababu fleti yenye mkataba mrefu ina bei kubwa kuliko yenye mkataba mfupi. Tuchukue mfano wa fleti ambayo mkataba wake umebakiza miaka 70, inayouzika kwa pauni 270,000, ambayo ikiongezewa muda itafika 300,000, na hasara ya mwenye ardhi ikiwa pauni 13,000. Katika ongezeko la 30,000, ukitoa hizo 13,000, inabaki faida ya 17,000 ambayo hugawanywa sawasawa, hivyo mwenye fleti hulipa 13,000 na 8,500, jumla pauni 21,500. Juu ya hapo yeye ndiye anayebeba gharama zinazofaa za wakili na mthamini wa upande wa pili. Benki nazo husita kukopesha kwa fleti yenye mkataba mfupi, hivyo anayekawia huweza kushindwa hata kuiuza.

Safari huanza kwa notisi rasmi inayotaja bei anayopendekeza mwenye fleti, na tarehe ya kuitoa ndiyo inayotumika katika kukadiria thamani. Mwenye ardhi hupewa angalau miezi 2 kujibu. Wasipoafikiana, mwenye fleti ana miezi 6 tangu apewe jibu kupeleka shauri mbele ya baraza la mali. Akiiacha miezi hiyo ipite, notisi huhesabiwa kuwa imeondolewa na hawezi kutoa nyingine hadi miezi 12 ipite.

Baadhi ya wenye ardhi hupendekeza mapatano ya nje ya utaratibu huo kwa bei iliyo chini kidogo. Ni vyema kuyasoma kwa makini sana, kwa kuwa huenda miaka inayoongezwa ni michache, na kodi ya zamani ikaendelea kudaiwa hadi muda wa mkataba wa awali uishe.

Sheria ya mwaka 2024 imeleta nafuu. Sharti la kuimiliki fleti kwa miaka 2 kabla ya kuomba liliondolewa tarehe 31 Januari 2025. Sheria hiyohiyo imeandika pia kwamba nyongeza itakuwa miaka 990 na kwamba thamani ya muungano itafutwa, lakini kupitishwa kwa sheria na kuanza kutumika kwa kila kifungu chake ni mambo mawili, na anayekaribia miaka 80 amuulize wakili hali ya vifungu hivyo kabla hajaamua kungoja.