Darasa la Kemia la Karolinenstraße

Namba 35 ya mtaa wa Karolinenstraße, mjini Hamburg, Ujerumani, ilikuwa shule ya wasichana wa Kiyahudi tangu 1884. Tangu 1989 ni kumbukumbu na kituo cha elimu kuhusu Holokosti, yaani mauaji ya kimbari ya Wayahudi wapatao milioni 6. Anayekuja akitarajia picha za maiti hukutana kwanza na darasa la fizikia na kemia la mwaka 1930, likiwa bado na samani zake za asili.

Sisi tunaofundisha historia hii tungefanya vyema kuanzia hapo kabla ya kutaja Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Maabara kwa ajili ya wasichana, enzi zile, ilitengenezwa na watu walioamini kwamba Ujerumani ni kwao na kwamba mabinti zao wana kesho.

Wanazi walishika madaraka 1933, na Aprili mwaka huohuo sheria ilipunguza idadi ya Wayahudi wapya katika shule za serikali: wasizidi asilimia 1.5 ya wanaoandikishwa. Novemba 1938 waliobaki wakafukuzwa kabisa. Shule za Kiyahudi zikawa kimbilio. Ajabu ni kwamba kimbilio lenyewe likawa linaandaa watoto kuondoka, maana Kiingereza na Kiebrania vilihitajika kwa safari. Takriban watoto 10,000 walipelekwa Uingereza bila wazazi wao, na waliowasindikiza walitakiwa kurudi Ujerumani. Mwaka 1939 wavulana wa shule ya Talmud Tora, iliyokuwa mtaa wa Grindel hukohuko Hamburg, nao waliletwa Karolinenstraße.

Kuanzia Oktoba 1941 treni zilianza kuwachukua Wayahudi wa Hamburg kwenda Łódź, kisha Minsk na Riga, miji ya mashariki iliyokuwa imetekwa na Wanazi. Tarehe 30 Juni 1942 shule za Kiyahudi zilifungwa nchini kote. Mwalimu mkuu, Alberto Jonas, aliyeiongoza shule tangu 1924, alisafirishwa mwezi uliofuata hadi Theresienstadt, kambi ya kuwafungia Wayahudi, pamoja na mkewe na binti yao. Alifia huko baada ya wiki chache tu. Mkewe aliuawa Auschwitz, binti alinusurika. Leo jengo lina jina la Jonas.

Wasomaji wa Maziwa Makuu huenda wakakumbuka Murambi, Rwanda, chuo cha ufundi ambako maelfu kwa maelfu ya Watutsi waliuawa Aprili 1994. Tusizichanganye. Murambi ni mahali pa mauaji, na mifupa ipo palepale. Karolinenstraße hakuna aliyepigwa risasi darasani. Mgeni huonyeshwa jinsi watu walivyotengwa kwa sheria, barua na tangazo la kufunga shule, mambo ambayo karani yeyote angeweza kuyatekeleza akarudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Jengo la Talmud Tora limekuwa tena shule ya Kiyahudi tangu 2007, kwa jina la rabi Joseph Carlebach, aliyewahi kuiongoza na aliyeuawa karibu na Riga 1942. Lina ulinzi wa polisi.